Yoga kwa mtoto mwenye sindromu ya Down: uzoefu wetu wa miezi minane

Mwanangu ana miaka tisa na ana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayotokana na kromosomu moja ya ziada, yaani chembe za urithi zilizozidi. Tangu Februari tunakwenda yoga ya watoto wenye mahitaji maalumu hapa Mombasa kila Jumamosi asubuhi, na nyumbani tunarudia kidogo jioni tatu kwa wiki. Kabla ya kuanza nilitafuta sana mzazi wa kunieleza ilivyo, nikaambulia picha za watoto wanaotabasamu tu. Basi haya ndiyo ninayoyajua mimi.

Darasa la kwanza tulilojaribu silo tulilo nalo sasa. Mwanangu akikaa chini hufungua miguu mpaka ikalala sakafuni, mmoja kulia na mwingine kushoto, kisha akalaza kifua katikati. Ndivyo anavyotazama katuni, na mara nyingine usingizi humchukua hivyo hivyo. Mwalimu alipomwona alipiga makofi, akamweka mbele awaonyeshe wenzake. Nami sijazoea mwanangu kuwa wa kwanza katika jambo lolote, kwa hiyo nilivimba kichwa. Wiki ya tatu akaanza kumfundisha kusimama kwa kichwa ukutani, uzito wote juu ya shingo. Nikamuuliza kama anajua habari za shingo za watoto hawa. Akanijibu kuwa yoga haina madhara. Nilikunja mkeka, nikamshika mwanangu mkono, tukaenda zetu kula mahamri.

Habari za shingo nilizipata zamani kwa mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, mwanangu alipokuwa angali mchanga. Watoto hawa huzaliwa na misuli legevu na kano legevu, zile zinazofunga mfupa na mfupa mwenziwe. Kwa baadhi yao pingili mbili za juu kabisa za shingo hucheza kupita kiasi, na mle ndani ndimo inamopita mishipa ya fahamu ya mwili mzima. Wengi wao hawaoni dalili yoyote, lakini huwezi kumjua nani yumo kwa kumtazama. Ndiyo maana kusimama kwa kichwa, kusimama kwa mabega na kupinduka kwa kichwa ni haramu nyumbani kwangu. Daktari wetu aliniambia eksirei peke yake haimalizi maneno, bali nimwangalie mtoto mwenyewe: akilalamika shingo, akiinamisha kichwa upande mmoja, mwendo wake ukibadilika, mikono ikipungua nguvu, au akianza tena kujikojolea na alikwisha kuacha, nisimame hapo hapo na kumpeleka hospitali.

Halafu kuna lile la kujikunja, ambalo nilichelewa kulielewa. Mtu mzima huenda yoga ili alegee. Mtoto aliyezaliwa amelegea, unamlegeza nini tena? Ule mkao uliopigiwa makofi ulikuwa unavuta kano ambazo tayari zimevutika. Anachohitaji ni kujishika, kusukuma, kusimama wima na kutulia. Mwalimu wa pili aliniambia haya siku ya kwanza, kabla hata hajamgusa mtoto, na hapo nikajua nimefika.

Huyu alinikalisha karibu saa nzima. Akauliza moyo (karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na kasoro ya moyo, wangu alikuwa na tundu dogo, likajiziba lenyewe), akauliza shingo, masikio, usingizi, na kama amewahi kupata kifafa, kwa sababu mtoto mwenye kifafa hampi mazoezi ya kupumua kwa kasi. Akataka barua ya daktari. Msingi wa kazi yake, alisema, ni njia ya Sonia Sumar wa Brazili, ambaye binti yake Roberta alizaliwa mwaka 1972 na hali hii hii, naye mama akamfanyia yoga tangu utotoni. Nitakiri kuwa hilo lilinivuta kuliko vyeti vilivyotundikwa ukutani.

Wiki nne za kwanza mwanangu alizimaliza chini ya meza. Nililipa Sh1,200 kwa kila kipindi cha dakika 40 ili mtoto akae chini ya meza! Mwalimu hakumvuta. Alitandika mkeka wake karibu na meza, akafanya mikao peke yake, na wiki ya tano mguu mmoja ukatoka, ukifuatwa na mwenyewe.

Majina ya mikao ameyafanya ya kwetu. Mti ni mnazi: mkono mmoja ukutani, nyayo zisukume sakafu, halafu kisigino kimoja kiinuke. Mashua ni dau, na hiyo ndiyo inayomtoa jasho maana tumbo lake ni laini kama boflo. Mwanzoni mnazi ulianguka baada ya sekunde mbili. Sasa unafika kumi, ingawa yeye mwenyewe huhesabu moja, mbili, kumi. Zoezi ninalolipenda zaidi ni la nyuki, la kuvuta pumzi na kuitoa kwa kuvuma. Mdomo wake huachama kwa sababu misuli ya uso nayo ni legevu, na huwezi kuvuma kama nyuki ukiwa umeachama. Analifanya hata kwenye tuktuk, dereva anageuka kutafuta gari lina nini.

Mavyaa wangu alipinga. Hii si ibada ya Kihindu? Swali lake ni la haki, sikulidharau. Nilizungumza na mwalimu: hatuimbi maneno tusiyoyajua, na ule mfululizo wa kusalimu jua sisi tunauruka. Alikubali bila kununa. Mkao wa mwisho, wa kulala chali bila kutikisika, jina lake la asili maana yake ni maiti, na mwalimu kwa busara yake anauita kobe amelala. Ajabu ni kwamba mkao wa mtoto, wa kupiga magoti na kuweka paji la uso chini, mwanangu aliujua kabla ya wote. Kila jioni husujudu pembeni mwa babu yake.

Kuhusu matokeo nisiwadanganye. Usingizi umekuwa bora, hilo nina hakika nalo, kwa sababu siku tukikosa kobe amelala huzunguka chumbani mpaka saa tano. Anajua kungoja zamu. Ngazi za ghorofa yetu sasa anapanda bila kushika chuma, lakini fiziotherapia hatujaiacha hata wiki moja, kwa hiyo siwezi kuapa ni yoga. Maneno hayajaongezeka. Utafiti kuhusu yoga na watoto hawa upo, ila mwingi ni wa vikundi vidogo, na ukiona bango linalosema yoga inaponya Down, ujue aliyeliandika anataka pesa zako. Kromosomu ya 21 ya ziada haitoki kwa jasho.

Kasoro: sakafu ni ya vigae, inateleza, na mkeka wa ukili uache nyumbani. Kikundi kilichanganywa mno mwanzoni. Kuna mtoto mwenye usonji ambaye nyuki wetu walimfanya azibe masikio na kulia, na ilichukua mwezi mzima kabla hawajatenganishwa. Mama yake alistahili kusikilizwa mapema zaidi.

Nampa mwalimu nyota nne. Ya tano ningempa angepunguza bei kwa wenye watoto wawili. Jumamosi pamejaa, Jumatano saa kumi bado kuna nafasi, lakini uje na mkeka wako wa mpira. Ile ya pale inanuka.