Bodi ya ESP32 ya pini 30 kwenye mashine yangu ya vifaranga

Bodi hii, kompyuta ndogo yenye Wi-Fi ndani yake, niliinunua Kariakoo kwa shilingi 25,000, nikaifunga kwenye mashine yangu ya kutotolesha vifaranga: sanduku la mbao, balbu mbili, feni ya kompyuta kuukuu, mayai 60. Inasoma joto, inawasha na kuzima balbu ili nyuzi zisimame 37.5, kisha inanitumia vipimo kwenye simu nikiwa kazini. Nimeshatotolesha mara tatu nayo na bado naipenda.

Siku ya kwanza, hata hivyo, ilinitoa jasho. Kuwasha taa tu, haina shida. Ikianza kutafuta Wi-Fi, inazima na kuwaka upya, tena na tena, na kompyuta inaniandikia "brownout", yaani umeme umeshuka mno. Nikajua nimeuziwa mbovu. Kabla ya kuirudisha dukani nikachukua mita ya kupima volti, ncha moja GND (pini ya hasi), nyingine VIN (pini umeme unapoingilia). Ikiwa imetulia nasoma volti 4.8, Wi-Fi ikiamka, 4.4, na hapo mita haiwahi kuuona mshuko wenyewe kwa sababu unapita haraka. Espressif, wenye chipu, wanashauri chanzo cha umeme cha miliampia 500 au zaidi, nami nilikuwa naupitisha kwenye waya wa USB mwembamba kama uzi, uliokuja na tochi! Nikaweka waya mfupi mnene wa simu na kapasita (kifaa kinachotunza umeme kidogo wa akiba) ya mikrofaradi 470 kati ya VIN na GND. Haijazima tena mpaka leo.

Kilichoniuma zaidi ni usiku wa siku ya tisa ya mayai ya kwanza. Naamka, balbu zimezimika, sanduku limepoa, na simu inaonyesha nyuzi 85. Sensa yangu ya joto, DS18B20, ikikatikiwa umeme ukarudi, 85 ndiyo namba inayoanza nayo kabla haijapima chochote. Waya wake ulikuwa unacheza kwenye bredibodi, ule ubao wa matundu wa kuchomeka nyaya bila lehemu, na programu yangu ikaamini mayai yanaungua. Nikazichoma nyaya zote kwa lehemu, nikaiambia programu iipuuze 85. Vifaranga 41 walitoka. Siku hizi bredibodi kwangu ni ya majaribio tu; penye uhai sithubutu.

Kasoro za bodi yenyewe ninazo mbili. Ni pana, inameza bredibodi hadi upande mmoja hubaki bila tundu la kuchomeka waya. Na pini za kundi la ADC2, moja ya makundi mawili ya pini za kupima volti, hazisomi volti Wi-Fi ikiwa imewashwa: nilipoteza jioni nzima na sensa ya maji kwenye pini 25 ya kundi hilo, nikaihamishia 34 isiyo ya kundi hilo, ikasoma papo hapo.

Ukienda kuinunua, beba waya wako wa USB na uombe waiwashe Wi-Fi hapo hapo dukani. Muuzaji wangu alikubali bila kinyongo nilipofuata ya pili.