Ukaguzi wa kila mwaka: gari la umeme na la dizeli

Anayeshuka mlima mkali wa Kitonga anajua breki ni uhai, kwa hiyo naanza nazo.

Dereva wa dizeli huweka gia nzito, injini inashika, lakini breki bado zinafanya kazi kubwa. Mkaguzi hutafuta pedi zilizokwisha na diski zilizolika. Gari la umeme ni kinyume: mota yenyewe hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri, breki za miguu hukaa bila kuguswa. Kwa mvua na ukungu wa Mbeya, diski hushika kutu na kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, hukwama. Pedi nene zisimdanganye mkaguzi. Na betri ikiwa imejaa kabisa, mota haina pa kupeleka umeme. Ukichaji hadi mwisho mjini kisha ukashuka Mlima Iwambi kuelekea Mbalizi, breki hizo zilizolala ndizo utakazozitegemea.

Moshi? Dizeli hupimwa, la umeme halina. Hata Uingereza, ambako gari likifikisha miaka 3 hukaguliwa kila mwaka, la umeme halipimwi moshi.

Taa, usukani, mikanda: sawa kwa yote mawili.

Matairi ya la umeme yatazamwe zaidi, maana betri ni nzito. Halafu mkaguzi ainame aone kama mawe ya barabara za vijijini yamebonyeza kasha la betri, au nyaya za rangi ya chungwa, zinazobeba umeme mkubwa, zimechubuka. Hizo haziguswi na fundi asiyefunzwa. Kwangu, la umeme ndilo linalohitaji mkaguzi makini zaidi.