TAHADHARI: Seti za "sport" zilizopakwa rangi upya, na namna ya kuzigundua kabla hujalipa

Wadau wenye magari ya zamani yenye damu ya michezo, BMW E30 na E36, Golf GTI za mwanzo, Mazda MX-5 ya kwanza, Subaru Impreza, Toyota AE86 na jamaa zake, kuna aina ya muuzaji wa kumkwepa. Tangazo lake linasomeka hivi: seti kamili ya sport, shokapu nne na springi za kushusha milimita 40, zimefanyiwa ukarabati, ngumu kama mpya, zinaingia tu. Rangi inang'aa, bei iko chini sana kuliko ya dukani, na anataka utangulize pesa kabla hujauona mzigo.

Kinachouzwa kwa mtindo huo ni shokapu za kawaida zilizochoka. Zimetobolewa kwa drili, oili ya zamani ikamwagwa, ikajazwa oili nzito ya injini au ya gia, tundu likachomelewa, kisha zikapigwa rangi ya njano au nyekundu ili zifanane na za watengenezaji wenye jina, Bilstein au Koni. Springi nazo ni zile zile za gari la kawaida, zimekatwa kwa grainda au zimepashwa moto mpaka zikalala.

Kinachowaponza wanunuzi ni mtihani wa kubonyeza. Muuzaji anakwambia, "Hebu kandamiza hiyo rodi uone ilivyo ngumu," nawe ukikandamiza ni ngumu kweli. Ugumu huo ni wa oili nzito, si wa valvu. Shokapu nzima hupitisha oili kwenye matundu na bati nyembamba zilizo juu ya pistoni, na bati hizo hupangwa ili upande wa kurudi uwe mgumu kuliko upande wa kubonyea, kwa sababu upande wa kurudi ndio unaoizuia springi isilirushe gari. Oili nzito inavuruga mpangilio huo. Mkono unasukuma polepole, kwa hiyo unahisi uzito tu. Tairi likigonga shimo, rodi inaingia kwa kasi ambayo mkono hauwezi kuifikia, oili nzito haiwahi kupita, na pigo lote linaenda kwenye maunti (kishikio cha juu kinachoifunga shokapu kwenye bodi) na kwenye bodi yenyewe. Gari hilo hilo likishakimbia kwenye barabara mbovu, oili inapata joto, inakuwa nyepesi, inatoa povu, na dereva aliyesifia ugumu asubuhi anapata gari linaloyumba kama mashua. Sili iliyochakaa haikubadilishwa, hivyo na uvujaji haukawii.

Basi anza na macho. Geuza shokapu na uangalie sentimita chache za chini za bomba, halafu chini ya kikalio cha springi, sehemu ambazo mpiga picha hazionyeshi. Unatafuta kipele cha chuma cha mviringo, au sehemu iliyosagwa ikawa bapa. Pitisha ukucha, kwa sababu rangi huficha kwa macho kuliko kwa kidole. Kisha chungulia tundu la bolti. Kwenye shokapu mpya hakuna alama ya kubanwa. Kwenye iliyotumika utaona pete iliyoachwa na washa, na rangi ya kopo imeirukia juu. Rangi iliyorukia kwenye mdomo wa sili au kwenye rodi yenyewe imekumalizia kazi, maana hakuna kiwanda kinachopuliza rangi huko. Inua kava ya vumbi uone rodi yote: vishimo vidogo vya kutu kwenye kromu vinakata sili kila rodi inapopita, hata sili hiyo ikiwa mpya.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini muuzaji wa namna hii hupenda kukuletea shokapu na springi zikiwa zimeshafungwa pamoja, maunti juu, kava chini, na onyo kwamba ukifungua umepoteza warranti. Huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Mwambie afungue mbele yako, au achukue mzigo wake.

Baada ya macho, gesi. Shokapu ya bomba moja (oili na gesi vimo ndani ya bomba lile lile), ambayo ndiyo anayodai kukuuzia akitaja Bilstein B6 au B8, ina nitrojeni yenye shinikizo la bar 20 na kuendelea (bar ni kipimo cha shinikizo). Shinikizo hilo linasukuma eneo la rodi, kwa hiyo nguvu yake inapigika hesabu: rodi ya milimita 11 kwa bar 25 inasukuma kama kilo 24, na rodi ya milimita 14 karibu kilo 39. Isimamishe juu ya mizani ya bafuni, ikandamize hadi rodi ianze kuingia, soma. Ukiiachia, inatoka yote yenyewe, bila kusita. Ikibaki ndani, au ikitoka nusu ikasimama, ama haina gesi ama haikuwahi kuwa ya bomba moja. Usidanganyike na rodi nene kwenye shokapu za mbele za aina ya MacPherson, zile ambazo shokapu yenyewe ndiyo inayoshikilia tairi. B6 na B8 nyingi za mbele zimegeuzwa kichwa chini, na unachokiona kinang'aa ni bomba lenyewe, rodi nyembamba iko ndani. Kwa hiyo "B8" ya mbele yenye rodi nyembamba ya kawaida ni ya kuulizia mara mbili kwenye katalogi ya gari lako.

Shokapu ya mabomba mawili (bomba moja ndani ya jingine) ina haki yake pia, usiihukumu kimakosa. Ikiwa ililala kwa muda mrefu, hewa au gesi yake ya shinikizo dogo huingia kwenye chemba ya kazi. Isimamishe kama inavyokaa kwenye gari, ivute yote, ikandamize yote, mara tano au sita. Baada ya hapo, ukibadilisha mwelekeo, lazima uhisi ukinzani papo hapo. Ukikuta nafasi tupu kabla haijashika, au ukasikia mkorogo wa maji tumboni, oili haitoshi au valvu imekufa. Pima ya kushoto na ya kulia kwa pamoja. Mbili za ekseli moja zikitofautiana, zote mbili hazifai.

Ukarabati wa kweli upo, na hatuupingi. Shokapu ya bomba moja inayofunguka hufunguliwa, hubadilishiwa sili, pete ya pistoni na oili yake maalumu, hujazwa nitrojeni, kisha hupimwa kwenye mashine inayotoa grafu ya nguvu kwa kila kasi ya rodi, upande wa kubonyea na wa kurudi. Muulize muuzaji maswali mawili tu: imejazwa gesi kwa bar ngapi, na grafu ziko wapi? Anayejibu "fundi wetu ni mzoefu" amejibu.

Majina nayo yanatumika kutapeli. B6 ni ya springi za kimo cha kawaida. B8 ni fupi zaidi, imetengenezwa kwa springi za kushusha. B12 ni seti ya shokapu za B8 pamoja na springi za Eibach, kwa hiyo anayekwambia ulipe zaidi kwa sababu "shokapu za B12 ni ngumu kuliko B8" hajui anachouza, au anajua sana. Koni ya njano nayo hurekebishwa upande wa kurudi tu. Akikuuzia kama inayorekebishika pande zote, muulize kitasa (kile cha kuzungusha kurekebisha ugumu) cha upande wa pili kiko wapi.

Sasa springi, na hapa ndipo hatari iko zaidi ya hasara. Springi iliyokatwa hujulikana kwenye ncha: ile ya kiwandani imeviringwa au kulazwa ikae kwenye kikalio chake, iliyokatwa inaishia ghafla, na chini ya rangi ncha ina rangi ya bluu ya moto wa grainda. Iliyopashwa moto ina mizunguko iliyokaribiana upande mmoja bila mpangilio, au waya uliopinda kidogo nje ya mstari. Moto huo huharibu ugumu wa chuma, ndiyo maana springi hiyo inaendelea kulala kila mwezi, na inaweza kukatika.

Lakini inashusha gari, si ndiyo? Inashusha, ila piga hesabu. Chukua springi ya newtoni 25 kwa milimita (kama kilo 2.5 kuibonyeza milimita moja) yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, kwenye kona inayobeba kilo 300. Inabonyea milimita 118. Kata mzunguko mmoja wa milimita 45: ugumu unapanda hadi newtoni 30, sasa inabonyea milimita 98, na gari linashuka milimita 25. Ili lifike 40 lililotangazwa, mkataji lazima akate zaidi, au apashe moto. Na kama gari lilikuwa na milimita 70 kabla ya kugusa stopa ya raba (ile inayoizuia shokapu isibonyee mpaka mwisho), kushusha 40 kunaacha 30, huku ugumu ukiwa umeongezeka kidogo tu. Gari linaishi juu ya stopa. Wauzaji hawa wanalijua hilo, ndiyo maana "seti kamili" yao haina stopa kabisa. Bila stopa, pistoni inagonga valvu ya chini ya shokapu, na hata shokapu nzuri haistahimili hilo.

Tatizo la pili la springi fupi ni kulegea. Kabla ya kufunga, vuta shokapu mpaka mwisho, pima umbali kati ya vikalio viwili, kisha pima urefu wa springi ikiwa huru. Springi lazima iwe ndefu kuliko umbali huo. Kama tayari ziko kwenye gari, pandisha kwa jeki, weka stendi, acha tairi zining'inie, shika springi: ikizunguka kwa mkono ni fupi. Siku gari likirukia tuta, springi inaweza kutoka kwenye kikalio na kurudi vibaya, ikagusa tairi au mpira wa breki. (Baadhi ya koilova, yaani shokapu na springi za seti moja zinazorekebishika kimo, zina springi ndogo bapa ya kushikilia ile kubwa. Hizo ni sawa.)

Koilova za bei ya kutupa zina ulaghai wao, maandishi ya "8K/6K", yaani kilo 8 na kilo 6 kwa milimita. Usiyaamini, pima. Weka springi chini ya presi juu ya mizani, acha milimita chache za mwanzo zikae, soma, bonyeza milimita 5 zaidi, soma tena. Springi ya 8K lazima iongeze kilo 40. Huna presi? Chukua venia (kipimo cha unene) upime waya. Ugumu hufuata kipeo cha nne cha unene wa waya, kwa hiyo milimita moja si kitu kidogo: springi ya kipenyo cha ndani cha milimita 65 yenye mizunguko 5 inayofanya kazi, waya wa milimita 12 unatoa takriban kilo 9 kwa milimita, wa milimita 11 unatoa 6.7 tu. Kumbuka kutoa unene wa rangi. Na vile vitasa vyenye "hatua 32": weka mwanzo kabisa, vuta rodi, weka mwisho, vuta tena. Usipohisi tofauti, umenunua kitasa.

"Zinaingia tu" nayo ni sentensi ya kukukimbiza. BMW E30 pekee ilitoka na mabomba ya shokapu za mbele ya vipenyo viwili, milimita 45 na 51, na shokapu yake ya ndani, inayotumbukizwa kwenye bomba hilo, hubanwa na nati kubwa juu. AE86 nayo hutumia shokapu ya ndani ya namna hiyo. Isipolingana, inacheza ndani ya bomba na kugonga kila tuta. Nati inapaswa kuibana shokapu kabla haijafika mwisho wa uzi, na oili kidogo humwagwa kati ya shokapu na bomba ili kusafirisha joto. Muuzaji asiyekuuliza namba ya chasisi, mwaka na injini hajui kama mzigo wake unakufaa. Dai picha ya namba iliyopigwa kwenye bomba na ile iliyochapwa kwenye springi, pamoja na karatasi yenye tarehe ya leo kando yake, kisha zilinganishe na katalogi ya mtengenezaji, upande kwa upande. Watengenezaji wa springi H&R na Eibach huorodhesha uzito wa ekseli ambao springi inaruhusiwa kubeba. Springi ya gari la silinda nne haifai kwenye la silinda sita.

Kama bajeti ni ndogo, shokapu mpya za kimo cha kawaida pamoja na maunti, stopa na bushi mpya zitalifufua gari la miaka 30 kuliko seti yoyote ya rangi. Bushi za raba zikazwe gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake, la sivyo zinabaki zimejikunja na kuchanika mapema. Mkipenda kushusha, milimita 25 hadi 30 kwa shokapu fupi zilizotengenezewa kazi hiyo zinatosha kwa barabara, kisha mpeleke gari likapimwe alaimenti.

Waliokwisha kufunga seti za namna hii: kabla ya kutoa, piga picha za karibu za kipele cha kuchomelea, ncha za springi na namba, zikiwa bado kwenye gari, na hifadhi mazungumzo yote na risiti ya malipo. Wakati wa kutoa, usiruhusu nati ya juu ifunguliwe kwa bunduki ya hewa kabla springi haijabanwa kwa klampu mbili zinazotazamana. Shokapu iliyochomelewa usiikate wala kuipasha moto kutafuta ushahidi. Kama bado ina gesi, inaweza kulipuka mikononi mwako.