Tube Screamer au Klon Centaur?

Zote ni pedali za ovadraivu, yaani vifaa vya kukanyaga vinavyokwaruza sauti ya gitaa la umeme, ila kila moja hukwaruza sauti kwa njia yake.

Tube Screamer ya kwanza, Ibanez TS808 ya mwishoni mwa miaka ya 1970, ina diodi (vipuri vinavyopitisha umeme upande mmoja) za silikoni kwenye njia inayorudisha sauti ndani ya chipu, kwa hiyo vilele vya wimbi huminywa taratibu badala ya kukatwa ghafla. Besi hupunguzwa kabla ya kukwaruzwa, na sauti za kati huvimba karibu na hezi 720. Ndiyo maana solo hupenya bendi nzima ikipiga. Ukiwa peke yako chumbani utaiona nyembamba, kama inaongea puani.

Klon Centaur, iliyobuniwa na Bill Finnegan na iliyotoka Marekani mwaka 1994, hutumia diodi za jemaniamu zinazoelekea ardhi ya saketi, yaani sehemu yake ya volti sifuri. Mkato wake ni mkali zaidi. Utamu wake, kwangu, uko kwingine: sauti safi ya gitaa huchanganywa humo humo na iliyokwaruzwa, hivyo besi haipotei. Finnegan aliifunika saketi kwa gundi ngumu asiigwe. Wakamwiga.

Ukitaka kujiundia, anza na Tube Screamer. Vipuri ni vichache na kosa huonekana upesi.