JSN-SR04T juu ya tangi la maji Lamu: kihisi kizuri kwa anayejua pa kukifunga

Kwa tangi la plastiki la lita 1000 au zaidi lililo juu ya paa, kihisi cha JSN-SR04T, kinachopima kina cha maji kwa mwangwi wa sauti, kinatosha na bei yake ni nafuu. Kwa birika la ndani ya nyumba ya kale, yaani lile hodhi la kujengwa la kuwekea maji, hakifai. Na pampu isiachiwe kihisi hiki peke yake hata kama kimesoma vizuri mwezi mzima. Lawama nyingi kinazotupiwa ni za ufungaji, hewa ya chumvi na joto la paa.

Ndani ya kifurushi mna vitu viwili: kibodi kidogo cha saketi na kichwa cheusi cha duara chenye waya wa mita 2.5. Kichwa hutoa mlio wa kilohezi 40, ambao sikio la mtu halisikii, kisha hungoja mwangwi urudi kutoka kwenye uso wa maji. Muda wa kwenda na kurudi ndio unaogeuzwa kuwa sentimita. Hakuna kinachogusa maji, na Lamu hiyo ni faida kubwa. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, na vile vihisi rahisi vya vijiti viwili vya chuma vinavyozamishwa majini na kupitishiwa umeme wa moja kwa moja haviishi: kijiti kimoja huliwa, cha pili huota gamba, na usomaji unapotoka kabisa.

Tatizo la kwanza, na ndilo linalowakamata wengi, ni ukanda kipofu. JSN-SR04T haioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 hadi 25. Kichwa hicho hicho kimoja ndicho kinachopiga na kusikiliza, na kikishapiga huendelea kutetemeka kwa muda. Mwangwi ukirudi kabla hakijatulia, haupokelewi. Sasa chukua tangi lenye kipenyo cha sentimita 108. Kila sentimita moja ya maji ni lita 9.2 hivi, kwa hiyo ukifunga kichwa usawa wa mfuniko, zaidi ya lita 200 za juu hazisomeki. Na hazisomeki kwa namna mbaya: badala ya kuonyesha “limejaa”, kihisi huganda kwenye 20 au 25, au huokota mwangwi wa pili na kuonyesha kwamba tangi limepungua ghafla. Pampu inayofuata tarakimu hiyo itamwaga maji barazani kwa jirani.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kushusha valvu ya floti au bomba la kumwagikia ili maji yasipande zaidi ya sentimita 25 chini ya kichwa. Ni kazi ya nusu saa, ila unapoteza nafasi ya maji. Ya pili ni kukiinua kichwa juu ya mfuniko kwa bomba la plastiki la inchi 4. Hapa mafundi wengi hukata kipande kifupi cha sentimita 30, wakakibandika juu ya tundu na kuona kazi imekwisha. Mlio wa kihisi hiki hutawanyika kwa pembe pana, digrii 45 hadi 75 kutegemea toleo, na ukingo wa chini wa kipande hicho hurudisha mwangwi wake wenyewe, ukabaki unasoma sentimita 30 mwaka mzima. Bomba linatakiwa lishuke hadi karibu na sakafu ya tangi, liwe kipande kimoja bila kiungo katikati, lisuguliwe ndani kuondoa vinyuzi vya msumeno, na litobolewe tundu la milimita 8 au 10 karibu na juu ili hewa itoke. Chini liachwe wazi, sentimita 5 kutoka sakafuni. Maji ndani ya bomba husimama usawa mmoja na ya nje, na yanakuwa matulivu hata mfereji unapomwagika kwa nguvu.

Kichwa chenyewe kisikazwe moja kwa moja kwenye plastiki ngumu. Kitie kwenye mpira wa tundu, ule wa kupitishia waya, kiwe kimekaa bila kubanwa sana. Mtetemo ukihamia kwenye mfuniko, ukanda kipofu unarefuka. Uso wake uangalie maji wima kabisa. Na usipake silikoni usoni eti kuzuia maji. Uso huo ndio unaotetemeka, na tabaka la silikoni linaumeza mlio.

Joto ni jambo ambalo maelezo ya wauzaji huliruka. Programu nyingi zinazosambazwa hugawa muda wa mikrosekunde kwa 58 kupata sentimita, hesabu inayokubali kwamba sauti inakwenda mita 343 hivi kwa sekunde, yaani hewa ya digrii 20 na kidogo. Lamu haina digrii 20. Kasi ya sauti ni 331.3 ukijumlisha 0.606 mara digrii za Selsiasi. Hewa iliyo juu ya maji ndani ya tangi jeusi ikifika 45, kasi inakuwa mita 358 na ushei. Mwangwi unawahi kurudi, kihisi kinadhani maji yako karibu zaidi. Kwa umbali wa sentimita 100 kosa linakaribia sentimita 4, sawa na lita 35 hivi. Saa 7 mchana tangi linaonekana limeongezeka bila mfereji kufunguliwa, jioni linaonekana limepungua bila mtu kuoga, na mwenye nyumba anamwita fundi bomba atafute panapovuja. Ongeza kihisi cha joto cha DS18B20, chenye rezista ya kilo-omu 4.7 kati ya waya wa data na wa umeme, kining’inie ndani ya bomba juu ya maji, na weka hesabu hiyo kwenye programu. Kosa lake halizidi nusu digrii katika joto la kawaida, na hapa hiyo inatosha kabisa.

Chumvi sasa. Wakati wa kusi upepo unabeba unyunyu wa bahari hadi juu ya mapaa, na kibodi cha JSN-SR04T hakina kinga yoyote; kinachostahimili maji ni kichwa tu. Kibodi kitie kwenye boksi la plastiki la daraja la IP65 (lisiloingiza vumbi wala maji ya kurushiwa), nyaya zote ziingie kwa chini kupitia glandi, ile kizibo kinachobana waya, na waya upinde kidogo kabla ya kuingia ili tone lidondokee nje. Weka pakiti ya silika jeli ndani. Kabla ya kufunga, paka bodi vanishi ya saketi pande zote mbili, ukiacha pini za viunganishi. Ukiziba kwa silikoni, nunua ile isiyonuka siki: silikoni inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na ndani ya boksi lililofungwa asidi hiyo hula shaba. Miguu ya kiunganishi cha kichwa ikishakuwa ya kijani, usihangaike na programu.

Unyevu wa alfajiri huacha matone kwenye uso wa kichwa, na tone moja linatosha kuvuruga usomaji hadi jua lipande. Buibui nao wanapenda mabomba haya, kwa hiyo tundu la hewa livishwe kipande cha wavu wa mbu. Mara moja kwa miezi mitatu, panda na kitambaa laini chenye maji yasiyo na chumvi, futa uso wa kichwa, basi. Uso ukianza kuota unga mweupe, chumvi imeshaanza kula alumini yake, na kichwa kipya kinahitajika muda si mrefu.

Upande wa umeme: toleo la zamani linataka volti 5, na waya wa Echo, unaotoa jibu la kipimo, hutoa volti 5 vilevile. ESP32, ile bodi ndogo ya kompyuta inayoendesha programu, ni ya volti 3.3. Weka rezista ya kilo-omu 1 kati ya Echo na pini, na kilo-omu 2 kati ya pini hiyo na waya wa ardhi (GND) (mbili za kilo-omu 1 zilizofuatana zinafaa). Mpigo wa kuanzisha uwe mikrosekunde 20, maana 10 wakati mwingine haupokelewi. Waya wa kichwa usiurefushe: mwangwi unaorudi humo ni dhaifu mno na utachanganyika na kelele za pampu. Sogeza bodi, urefushe upande wa data. Kwenye programu chukua vipimo 7 vilivyopishana milisekunde 60 au zaidi, vipange, utumie cha katikati; wastani wa kawaida unaburutwa na kipimo kimoja cha uongo.

Waifai ni mtihani wa pekee. Kuta za mawe ya matumbawe za Mji wa Kale hufika nusu mita kwa unene, na ruta iliyoko ukumbini chini haifiki juu. Antena ya nje kwenye ESP32 husaidia. Kama bado, redio ya LoRa, inayofika mbali kwa umeme kidogo, yenye kipokezi kimoja ndani ya nyumba humaliza suala.

Pampu iunganishwe kwa tahadhari. Ile rilei ya bluu (swichi ndogo inayowashwa na programu) iliyoandikwa ampea 10 inaonekana inatosha pampu ya nusu hosipawa, inayokula ampea 3 au 4 ikishazunguka. Lakini inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya hapo, na midomo ya rilei hugandana kwa joto la cheche. Ikigandana, programu inasema zima na pampu inaendelea. Rilei iwashe kontakta, yaani swichi kubwa ya umeme mzito, kontakta ndiyo iwashe pampu. Floti ya kawaida ya umeme ibaki kwenye njia hiyo hiyo, imefungwa juu kidogo ya kiwango cha kuzimia, ili kihisi kikidanganya floti ikate. Iwashe pampu kwenye asilimia 30 na kuzima kwenye 90. Ukiweka namba hizo karibu karibu, itawaka na kuzima kila dakika. Kihisi kikikosa jibu mara tano mfululizo, pampu izimwe. Na pini za 0, 2, 12 na 15 za ESP32 zisipewe rilei, kwa sababu hubadilika hali bodi inapoamka, na Lamu umeme hukatika na kurudi vya kutosha.

Kwa nini birika likataliwe? Ni fupi, lina pembe nne, na kuta zake zimekaribiana. Mlio mpana unagonga ukuta kabla ya maji. Palepale panafaa kihisi cha shinikizo kinachozamishwa, cha miliampea 4 hadi 20, chenye ganda la chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316L, kwani cha 304 hutobolewa na maji ya chumvi. Mita moja ya maji ni kilopaskali 9.81, hesabu haina utata, na waya ukikatika unasoma 0 badala ya 4, hivyo hitilafu inajulikana papo hapo. Ni ghali zaidi kwa mbali. Kina ugonjwa mmoja wa kuangaliwa: ndani ya waya wake mna kijimrija cha hewa kinachofika juu. Fundi akikiziba kwa silikoni kwa nia njema, shinikizo la hewa linaingia kwenye hesabu, nalo huku pwani hupanda karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, kisha hushuka. Hektopaskali moja ni sentimita moja ya maji, kwa hiyo birika litaonekana lina maji kupwa na maji kujaa yake yenyewe.

Kwa tangi dogo lisilo na nafasi ya kuinua kichwa, A02YYUW ni bora kuliko JSN-SR04T: ukanda wake kipofu ni sentimita 3 tu, huanzia volti 3.3, na hutuma namba moja kwa moja kwa njia ya siriali. Vihisi vya leza kama VL53L0X viacheni. Maji safi hurudisha mwanga kidogo mno, na kioo chake kikiingia ukungu kimekwisha.

Vitu hivi kwa kawaida huagizwa Nairobi au Mombasa, vikafika Mokowe kwa basi na kuvuka kwa boti, kwa hiyo agiza vichwa viwili kwa bodi moja. Bodi iliyopakwa vanishi huishi. Kichwa ndicho kitakachokufa kwanza.