Steshenari mbili za Mtwara nilizolipa zinijazie maombi ya kazi

Nina stashahada ya uhasibu, nimefanya ukarani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa korosho, misimu miwili huko Tandahimba, na sasa niko nyumbani Mtwara natafuta kazi ya kudumu. Kompyuta sina. Maombi yangu yote yamepita mikononi mwa watu wa steshenari, na nimeshatumia mbili. Majina siyaandiki.

Ya kwanza iko karibu na stendi. Kijana wa pale ana mkono mwepesi, hilo simnyimi. "Dada, lete vyeti na namba ya NIDA, kaa hapo." Haikutimia saa nzima nikawa na akaunti ya Ajira Portal (tovuti ya Sekretarieti ya Ajira ya kuombea kazi za serikali), CV ya kurasa mbili na barua ya maombi. Elfu kumi na tano. Nikaondoka najiona nimeuwahi mji.

Nyumbani nikaisoma ile CV. Ilisema nina leseni ya udereva daraja C. Mimi hata bajaji sijawahi kushika usukani wake! Kumbe alifungua CV ya mteja mwingine, akafuta jina akaweka langu, na ya mwenzangu mengine yakabaki humo. Misimu yangu miwili ya korosho ilikuwa neno moja tu: karani.

Hilo lilirekebishika. Balaa lilikuja Oktoba, ilipotangazwa nafasi ya mhasibu msaidizi nami nikaiona zimebaki siku nne. Nafika pale, pamefungwa. Muuza chipsi wa jirani akaniambia kaka yuko Newala, msimu umeanza. Kuingia mwenyewe siwezi, maana akaunti alinifungulia kwa barua pepe yake na nywila yake. Nikaomba nywila mpya, ujumbe ukaenda kwake. Nikajaribu kufungua akaunti nyingine, nikajibiwa namba ya NIDA imeshatumika. Nikampigia. "Tuma elfu tano dada, nikutumie." Nikatuma. Nywila ikaja usiku wa siku ya tatu.

Nilivyoingia ndipo nikaona vizuri nilichokuwa nimekilipia. Kwenye cheti cha kidato cha nne aliweka karatasi ya matokeo, na matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema waziwazi kwamba karatasi hiyo haipokelewi. Barua haina sahihi. Wadhamini wanatakiwa watatu. Wawili walikuwa niliowataja, na wa tatu alijiandika yeye mwenyewe. Nilirekebisha nilichoweza kwa simu, kioo chenyewe kina ufa, nikatuma hivyo hivyo. Tangazo la kuitwa kwenye usaili lilipotoka nililipekua ukurasa kwa ukurasa. Simo.

Ya pili nilielekezwa na shangazi, iko Ligula. Ni ya mama mtu mzima, na nasema mapema: ana taratibu za kuchosha. CV yangu ilichukua siku mbili. Nilimkuta anakunywa chai, akanivutia kiti.

"Mwanangu, karani wa AMCOS anafanya nini kutwa?"

"Anapima korosho, mama."

"Na daftari anaandika nani?"

"Mimi."

"Mzigo ukifika ghala kuu kilo zikapungua, anaulizwa nani?"

"Mimi huyo huyo."

"Sasa mbona hujaandika?"

Tukaandika. Kupokea na kupima, kutenga daraja la kwanza na la pili, kuwaandikia wakulima stakabadhi, kulinganisha daftari la chama na hesabu ya ghala kuu, kuandaa orodha ya malipo ya benki baada ya mnada. Mistari mitano, yote kweli, na ukiitazama vizuri huo ni uhasibu mtupu. Miaka miwili nilikuwa naona aibu kuitaja kazi ile.

Akakagua na vyeti. Cheti cha kidato cha nne kinasema Saidi, NIDA inasema Said. Mimi sikuwahi kuliona. "Herufi moja hiyo itakurudisha mlangoni siku ya usaili," akasema, akanituma kwa wakili nikatengeneze hati ya majina na kugongesha muhuri nakala za vyeti. Usaili ukiwa Dodoma, kutoka huku ni kupitia Dar kwanza, kama kilomita 560 hizo kabla hujaanza safari nyingine. Urudishwe kwa sababu ya "i"?

Barua pepe tulifungua yangu, tukahamishia akaunti huko. Ilipofika sehemu ya nywila alinisogezea kibodi, akageuka kuangalia barabarani mpaka nikamaliza.

Bei zake: CV elfu kumi, kuskani mia tano kwa ukurasa, wakili unamlipa mwenyewe. Printa yake inakula karatasi, na watoto wa shule wakija kutoa kopi utasubiri. Nenda asubuhi, na usiende siku ya mwisho ya tangazo; atakwambia umechelewa na hatakupokea. Mwenzangu alikataliwa hivyo, akaenda kwa yule wa stendi.