Wakili aliyenifuatilia historia ya nyumba ya babu Kariakoo, nampa nyota 4

Naandika kwa wale wenye nyumba za urithi hapa Dar ambazo makaratasi yake hayaeleweki. Yetu iko Kariakoo, ile ya Kiswahili ya zamani, ukumbi katikati, vyumba sita na ua nyuma, sasa hivi imebanwa na maghorofa kila upande. Babu katuachia kopi ya hati iliyofifia na bahasha ya risiti za kodi ya kiwanja, alafu baba mkubwa kashikilia kwamba serikali iliitaifisha 1971 kwahiyo hatuna chetu pale, na madalali nao kila wiki hodi hodi.

Nikaelekezwa kwa huyu wakili, ofisi yake chumba kimoja tu. Nilichompendea, alimwaga risiti zote mezani akazipanga mwaka kwa mwaka mpaka akapata namba ya kiwanja na kitalu, ndo akaenda kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani kuangalia kwenye daftari kiwanja kimeandikwa jina la nani. Hilo la 1971 alimwelewesha baba mkubwa taratibu, shikamoo mzee wangu nyingi: sheria ile ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba na baadae 1990 yakaenda Shirika la Nyumba la Taifa (NHC). Nyumba anayokaa mwenyewe haikuhusika, na babu hakuwahi kupangisha hata chumba.

Majibu yalivyotoka, jina ni la babu mpaka leo! Ila kuna rehani ya benki moja, benki yenyewe siku hizi haipo, deni lilishalipwa na barua tunayo, hakuna tu aliyekwenda kuifuta kwenye daftari, na hati yenyewe ilikuwa ya miaka 33, imeshaisha kitambo. Haya dalali hakwambii. Kwenye nakala ya karatasi ya uhamisho wa umiliki kuna dole gumba la babu, mistari yake inaonekana kabisa, shangazi akaweka kidole chake juu yake akanyamaza muda mrefu sana.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu alisema wiki mbili ikawa karibu miezi miwili, simu hapokei, na mwanzoni hakututenganishia ada za serikali na ujira wake, hapo mwambie akuandikie kabisa kabla hujatoa hela.

Sasa hivi tuko mahakamani, shangazi ndo tumempendekeza awe msimamizi wa mirathi, maana bila msimamizi hakuna wa kuomba rehani ifutwe wala hati ihuishwe.